Kebo hatua 340 kutoka ghalani: kisa cha kata moja ya Tandahimba

Saa nne usiku, mwishoni mwa Novemba, karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima wa korosho, alikuwa bado ghalani. Simu yake aliifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye nondo ya dirisha, maana ndani ya jengo lile hapo tu ndipo inapopata vijiti viwili vya mtandao. Kompyuta ameiweka juu ya rundo la magunia matupu, mwenyewe amekalia ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa anapandisha orodha ya malipo ya mnada: jina la mkulima, kilo alizopima, namba ya akaunti yake ya benki. Mchana kazi hiyo haifanyiki. Msimu wa korosho kila mwenye simu ana bando, na mnara ni mmoja kwa kata nzima.

"Imefika wapi, dada?"

"Ilifika sitini ikarudi mwanzo. Hii mara ya tatu, kaka."

Kwenye ngazi ya mlango alikaa mzee mmoja mwenye mikorosho upande wa bondeni, amejifunika shuka, anangoja kama anayengoja mgonjwa. Nilimpa shikamoo, akaitikia, kisha akaniuliza: "Mwanangu, wewe si ndiye fundi wa mambo haya? Hela yetu imekwama kwenye waya gani?"

Sikumjibu usiku ule. Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa linauma. Kutoka mlango wa ghala hadi ukingo wa barabara ni hatua 340. Nimezihesabu mara mbili. Pale ukingoni kuna kigingi cha zege chenye kichwa cha rangi, hatua chache mbele yake kuna chemba, na chini yake inapita faiba, kebo ya nyuzi za kioo inayobeba intaneti ya kasi. Uzi mmoja tu wa kebo ile ungeipitisha orodha ya wakulima wote wa kata kabla mzee hajamaliza kuuliza swali lake.

Tulichoomba na tulichojibiwa

Mimi na wenzangu wawili tunafanya kazi ya mitandao Mtwara mjini. Tunafunga kamera, tunatandaza waya kwenye nyumba za wageni, tunapandisha dishi juu ya mapaa. Baada ya usiku ule tulikaa tukapiga hesabu. Kata ile ina wateja wanne wa uhakika walio karibu karibu: ghala la AMCOS, shule ya sekondari, zahanati na ofisi ya kata. Ukiongeza mawakala wa pesa pale njia panda na nyumba za walimu, wanafika kumi na wawili. Mpango wetu haukuwa na maajabu. Tungenunua uwezo wa intaneti kwa jumla kutoka kwa mwenye kebo palepale barabarani, tungesimamisha nguzo moja ndefu, tungewagawia kwa mawimbi ya redio, na wao wangechangia gharama. TCRA, mdhibiti wa mawasiliano nchini, inatoa leseni kwa ngazi mbalimbali hadi ya wilaya, kwa hiyo kwenye leseni mtu mdogo hajafungiwa mlango.

Kebo ile si Mkongo wa Taifa, ile njia kuu ya faiba ya serikali. Ni ya kampuni inayouza pia intaneti yake yenyewe kwa wateja wa mwisho. Jina lake siliandiki, kwa kuwa ninachokieleza hapa kingefanywa na yeyote aliyekaa kwenye kiti kile, na nitaeleza kwa nini.

Barua tuliipeleka Januari. Wiki ya tano tukajibiwa kwamba huduma ya jumla inatolewa Mtwara mjini tu, njiani hakuna. Tukaandika tena, tukaeleza kwamba chemba iko pale na tuko tayari kugharamia kazi ya kuunganisha. Wiki ya kumi na moja ikaja karatasi ya bei: malipo ya kuunganisha yaliyohesabiwa kwa mita, malipo ya kila mwezi kwa kasi ya megabiti 50 kwa sekunde (Mbps 50), mkataba wa miaka mitatu. Wakati huo msimu ulikuwa umeisha na wakulima walishaanza kupalilia.

Sasa, bila sisi kujua, mkuu wa shule naye alikuwa ameomba huduma ya kawaida kwa kampuni ileile. Siku tuliyokwenda kumweleza mpango wetu, alifungua droo akatoa karatasi yake, akaiweka mezani kando ya yetu. Tukazisoma zote mbili bila mtu kusema neno. Mbps 50 zilezile, kutoka chemba ileile. Yeye, mnunuzi wa rejareja, alitakiwa kulipa kwa mwezi chini ya theluthi mbili ya tulichotakiwa kulipa sisi wanunuzi wa jumla. Kuunganishwa kwake ni bure. Sisi tulipie kila mita ya mtaro.

Nilimpigia mtu wa mauzo, kijana msikivu na mwenye adabu. Alinieleza kwamba huduma ya rejareja ni ya kugawana, wateja wengi kwenye bomba moja, na ya jumla ni uwezo uliotengwa kwa ajili yako peke yako. Hoja hiyo ni ya kweli, na mtu anayelinganisha bei hizi mbili bila kuitaja anadanganya. Lakini nilipomwomba basi na sisi atuuzie ile ya kugawana, kwa punguzo lolote la jumla, alisema bidhaa hiyo haipo. Kwa hiyo kilichokuwepo kwa jumla ni kile tusichokihitaji, kwa bei isiyowezekana, na kile tulichokihitaji kipo rejareja tu, chini ya mkataba wenye kifungu kinachosema mteja haruhusiwi kuuza tena huduma wala kuivusha nje ya uzio wake.

Hapo mpango ulikufa. Hakuna aliyetukataza. Hakuna barua yenye neno "hapana". Sheria haikuvunjwa mahali popote ninapoweza kupanyooshea kidole.

Mwenye ghala na mnunuzi

Duka la jumla likiuza mfuko mzima wa sukari kwa bei ya kila kilo iliyo juu ya ile linayouzia kilo moja moja dirishani, mwenye genge hana biashara, hata kama amekaribishwa kiti na kupewa chai. Wataalamu wa udhibiti wanalijua jambo hili vizuri: anayemiliki njia na pia anashindana na wapita njia anaweza kuwamaliza kwa pengo lililopo kati ya bei ya jumla na ya rejareja, bila kufunga geti. Wala haihitaji moyo mbaya. Meneja wa mauzo ana malengo ya mwezi ya kutimiza, na hakuna lengo hata moja linalomwambia amsaidie fundi wa Mtwara apate wateja kumi na wawili ambao kesho wangekuwa wake.

Sisi watu wa Kusini tunalielewa hili pengine kuliko wengi, kwa sababu ya korosho. Kila mkulima wa Newala na Tandahimba anaijua kangomba, ununuzi wa korosho wa mlangoni kwa bei ya kulalia: mtu anakuja mlangoni kwako kabla ya msimu, mtoto ana ada, mgonjwa yuko hospitali, na mnunuzi ni huyo huyo mmoja na kipimo chake. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanzia kwetu Mtwara msimu wa 2007/08, ulitenganisha mambo mawili. Korosho zinakaa ghalani kwa ushuru unaojulikana. Wanunuzi wanashindana mnadani, na kuanzia msimu wa 2024/25 mnada wenyewe umehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX. Mfumo huu una kasoro zake, na wazee wana maneno ya kusema juu ya makato na malipo yanayochelewa. Lakini mfupa wake ni kwamba ghala liwe la wote, na ushindani ufanyike juu yake.

Katika mawasiliano jambo hilohilo huitwa sera ya njia wazi. Mwenye kebo, nguzo au bomba la ardhini analazimika kuwauzia watoa huduma wengine kwa jumla, kwa bei iliyotangazwa na kwa masharti yaleyale anayojipa yeye mwenyewe. Nchi kadhaa zimelijaribu kwa zaidi ya miaka ishirini, na zimeacha alama ambazo mpango wa taifa letu wa mtandao wa kasi ungefaa kuzifuata, na nyingine ungefaa kuzikwepa.

Uingereza iliandika, kisha ikangoja miaka mitano

Mfano unaokaribia kabisa kisa chetu ni Uingereza. Mwaka 2000 kampuni ya BT, iliyorithi nyaya za simu za nchi nzima, iliwekewa wajibu wa kuwaruhusu washindani kutumia nyaya hizo hadi mlangoni kwa mteja. Januari 2001 Umoja wa Ulaya ukaufanya wajibu huo kuwa kanuni ya nchi zote wanachama. Kwenye karatasi mlango ulikuwa wazi kabisa. Lakini hadi mwisho wa 2004 nyaya zilizokuwa mikononi mwa washindani zilikuwa chache mno kwa nchi kubwa kiasi kile. Nafasi ya kuweka mitambo ndani ya majengo ya BT ilipatikana kwa kuchelewa, bei za kuunganisha zilikuwa juu, taratibu zilikuwa ndefu. Ukizisoma habari za miaka ile ukiwa umetoka Tandahimba na karatasi mbili mkononi, unajiona mwenyewe.

Kilichobadilika ni muundo. Mdhibiti, Ofcom, alifika mahali pa kusema wazi kwamba kama mambo hayabadiliki, suala la kuivunja kampuni vipande litapelekwa mbele. Septemba 2005 BT ikatoa ahadi za kisheria, na Januari 2006 ukaanza mkono wake mpya, Openreach. Kazi ya Openreach ilikuwa kutunza nyaya na kuziuza. Iliuza kwa tawi la rejareja la BT yenyewe na kwa washindani wake kama Sky na TalkTalk, bei ileile, fomu ileile, mfumo uleule wa oda, foleni ileile ya mafundi. Ndani ya miaka michache nyaya zilizofunguliwa zilitoka kwenye maelfu zikaingia kwenye mamilioni.

Hiyo "foleni ileile" ndiyo ninayotaka msomaji aishike. Bei pekee isingetosha. Ukiuziwa kwa bei ya haki lakini ukaunganishwa wiki ya kumi na moja wakati tawi la mwenye kebo linaunganishwa wiki ya pili, umeshashindwa. Na hata Uingereza haikumaliza kazi mara moja: malalamiko kwamba uwekezaji wa Openreach bado unaelekezwa na BT yaliendelea, hadi mwaka 2017 BT ilipokubali Openreach iwe kampuni inayojitegemea kisheria yenye bodi yake. New Zealand ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2011 kampuni yao ya simu, Telecom, iligawanywa kabisa, na Chorus, yenye kebo, ikawa kampuni nyingine isiyouza kwa mteja wa mwisho, kwa kuwa hilo lilikuwa sharti la kuingia kwenye mradi wa faiba wa taifa. Serikali ilikuwa na fedha mkononi, ikazitumia kununua utengano.

Japani inafundisha jambo jingine, nalo ni kile anachoweza kufanya mshindani mdogo akipewa njia. NTT, kampuni kubwa ya simu ya nchi hiyo, ililazimishwa kufungua nyaya zake, na mwaka 2001 SoftBank ikaingia na huduma ya Yahoo! BB kwa bei iliyokuwa nusu au chini ya nusu ya zile zilizozoeleka, kwa kasi kubwa zaidi, huku vijana wake wakigawa modemu barabarani. Miaka michache baadaye Japani ilikuwa miongoni mwa nchi zenye intaneti ya kasi na nafuu kuliko zote. Nyaya zilikuwa zilezile za NTT. Ufaransa nayo ilikuwa na kampuni ya Free, iliyoanza kuuza ADSL, intaneti ipitayo kwenye waya wa simu, kwa euro 29.99 mwaka 2002 juu ya nyaya za wengine, na bei hiyo ikawa kipimo cha soko zima. Ilipofika zamu ya faiba, Wafaransa waliona kwamba gharama kubwa iko kwenye mtaro, si kwenye uzi. Kwa hiyo tangu 2008 mabomba ya ardhini ya mrithi wa shirika la simu yakafunguliwa kwa washindani, na ndani ya majengo sheria ikataka kebo ya mwisho ishirikiwe.

Stockholm ilifanya hivyo mapema kuliko wote. Tangu 1994 jiji lile lina kampuni yake, Stokab, inayokodisha nyuzi tupu za faiba kwa yeyote, na yenyewe haiuzi intaneti kwa mtu. Ghala bila mnunuzi.

Njia moja ya jumla si lazima iwe njia wazi

Hapa ndipo watunga mipango wa Afrika wanapojikwaa, na ndiyo maana nakaa hapa kidogo.

Rwanda iliingia ubia na kampuni ya Korea, KT, mwaka 2013, na huduma ya 4G ikazinduliwa 2014. Mtandao ulijengwa na kampuni moja tu, KTRN, yenye haki ya peke yake, inayouza kwa jumla. Kampuni za simu zikawa wauzaji wa rejareja juu yake. Kwa maneno ilikuwa njia wazi: mwenye mtandao hashindani na wateja wake. Mawimbi yalienea haraka kuliko karibu nchi zote za bara hili, yakafunika zaidi ya asilimia 90 ya watu. Lakini watumiaji hawakufuata kwa kasi hiyo. Bei ya jumla ilikuwa juu, kampuni za simu zilikuwa na 3G zao wenyewe na hazikuwa na sababu ya kusukuma bidhaa ya mwingine, na hakukuwa na mlango wa pili wa kubisha. Mwaka 2022 na 2023 haki ya peke yake ikaondolewa, na kampuni za simu zikaanza kujenga 4G zao.

Mexico ilifanya jaribio kama hilo kwa jina la Red Compartida. Kampuni ya Altán ilianza kazi Machi 2018 kama muuzaji wa jumla pekee kwenye masafa yake, na mwaka 2021 ilikuwa mahakamani ikiomba kinga ya kufilisika. Mwaka uliofuata serikali ikawa mmiliki mkuu. Na kabla ya hao wote, Afrika Magharibi iliishi na kebo ya bahari ya SAT-3 tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kebo ilifika ufukweni, lakini katika nchi nyingi kituo cha kutua kilishikwa na shirika moja la simu, na bei zikabaki juu kama za satelaiti.

Kwa hiyo anayesema dawa ya Tandahimba ni kuteua kampuni moja ya jumla na kuipa nchi nzima, namwomba aende Kigali kwanza. Kutenganisha jumla na rejareja kunamaliza upendeleo. Hakumalizi ukiritimba. Bei ya jumla bado inahitaji mtu wa kuiangalia, na pale ambapo mwingine anaweza kujenga, asizuiwe.

Kuna na funzo la Marekani, la aina tofauti. Sheria yao ya mwaka 1996 ilifungua nyaya. Mwaka 2003 na 2005 mdhibiti wao, FCC, akaanza kuzifunga tena. Alipokuwa anaandaa mpango wa taifa wa mtandao wa kasi, aliagiza Kituo cha Berkman cha Harvard kichunguze nchi nyingine zilifanya nini. Timu iliyoongozwa na Yochai Benkler ikatoa rasimu Oktoba 2009 na ripoti kamili Februari 2010, ikionyesha kwamba njia wazi ilichangia sana ushindani na bei nafuu katika nchi zilizofanya vizuri. Mpango ukatoka Machi 2010, na fundisho hilo halikuwa mhimili wake. Utafiti ulioombwa na mwenye mpango mwenyewe ukabaki pembeni ya mpango. Nalitaja kwa sababu na sisi tunapenda sana safari za mafunzo.

Tandahimba si London

Pingamizi kubwa nimelisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu, na linastahili jibu. Linasema hivi: Uingereza na Japani zilikuwa na nyaya za shaba zilizojengwa kwa fedha za umma na kulipwa kwa miongo mingi, hivyo kuzifungua hakukumuumiza mtu. Kebo ya kwetu ni mpya, imejengwa kwa mkopo, kwenye njia yenye wateja wachache. Mlazimishe mwenyewe kuigawa kwa bei ya chini, na kesho hatachimba kwenda Nanyumbu wala Liwale.

Nakubali nusu yake. Bei ya jumla lazima imrudishie mjenzi gharama zake na faida inayoeleweka. Bei ya kisiasa ingeua uchimbaji. Lakini nusu ya pili inajigeuka yenyewe. Kama njia ina wateja wachache kiasi hicho, hakuna atakayekuja kuchimba kebo ya pili sambamba na ya kwanza. Mjini, mwenye kebo akikukatalia utakwenda kwa jirani yake. Kwenye uwanda wa Makonde jirani hayupo. Uchache wa wateja ndio unaoufanya ushirikiano kuwa wa lazima zaidi huku kuliko Kariakoo.

Isitoshe, nchi hii imeshaonja. Kabla ya 2009 tulikuwa tunategemea satelaiti. Julai 2009 kebo ya bahari ya Seacom ikatua Dar es Salaam, mwaka uliofuata nyingine, EASSy, na serikali ikaanza kujenga Mkongo wa Taifa, unaouza uwezo kwa jumla kwa kampuni nyingine na uliofikishwa mikoani, Lindi na Mtwara ikiwemo. Kwenye minara nako, kampuni za simu ziliuza sehemu kubwa ya minara yao kwa Helios Towers, kampuni inayokodisha minara, kuanzia mwanzoni mwa muongo wa 2010, na leo unaweza kuona mnara mmoja umebeba antena za kampuni mbili tatu. Hakuna aliyelia kwamba ujenzi wa minara umekufa. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 ya vijijini chini ya Mradi wa Tanzania ya Kidijitali. Leseni zenyewe, tangu mfumo wa TCRA wa 2005, zinatofautisha mwenye miundombinu, mwenye mtandao na mtoa huduma, ingawa kampuni moja inaweza kuzishika zote. Kanuni za kuchangia miundombinu nazo zipo.

Kinachokosekana ni kipande cha kati. Njia kuu iko wazi, juu ya mnara kuko wazi, lakini kati ya njia kuu na mlango wa ghala kuna kebo ambayo mwenyewe ndiye anayeamua ni bidhaa gani ipo, wapi na lini. Uingereza ilikuwa mahali hapohapo mwaka 2003.

Laiti ningekaa na wanaoandika mpango huo wa taifa, ningewawekea mezani zile karatasi mbili, na kuwauliza ni kifungu gani kingezibadilisha. Naona vinne. Mwenye kebo anayeuza rejareja mahali fulani auze na jumla mahali hapohapo, bidhaa ileile, bila kumwambia mtu aifuate mkoani. Bei ya jumla itangazwe, na mdhibiti awe na hesabu moja ndogo ya kupima kama mtu anaweza kununua kwa bei hiyo, akaongeza gharama za kawaida, na bado akauza karibu na bei ya mwenye kebo. Akishindwa, bei hiyo si ya jumla. Siku za kuunganisha ziwe sawa kwa tawi lake na kwa mgeni, na zichapishwe kila robo mwaka. Na kila mahali palipoingia shilingi ya umma, ikiwemo ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, sharti la kushirikiana lishike hata kebo inayoulisha mnara, kwa kuwa mnara wa wote unaolishwa na bomba la mmoja ni wa huyo mmoja.

Nina kimoja zaidi, nacho hakiwezi kungoja. Barabara ya lami ya Mnivata, Tandahimba, Newala hadi Masasi, kilomita 160, inajengwa. Udongo ukiwa wazi, bomba tupu la plastiki kando ya barabara ni gharama ndogo mno ukilinganisha na kuja kuchimba baadaye. Bomba la umma, nyuzi za yeyote. Halmashauri za njia hiyo ziulize leo, kwa maandishi, kama limo kwenye michoro, kabla lami haijafunika.

Na nisifiche: kebo moja iliyofunguliwa kwa wote bado ni kebo moja. Mei 12, 2024 EASSy na Seacom zilikatika baharini kwa pamoja, na tulikaa gizani Mtwara sawa na Dar es Salaam, kila mtu na bando lake. Njia wazi haiponyi ugonjwa huo. Njia ya pili ndiyo inayouponya, na hiyo ni kesi nyingine.

Kata iko wapi sasa

Mkuu wa shule alisaini karatasi yake. Simlaumu, ana wanafunzi wa kidato cha nne na matokeo ya kusubiri. Mafundi walikuja siku ya nane, wakatoa waya kwenye chemba, wakavuka barabara, wakafunga rauta ofisini kwake. Zahanati na ofisi ya kata bado wanatumia simu. Nguzo tuliyokuwa tumeagiza tuliiuza kwa mtu wa Masasi.

Msimu uliofuata nilipita pale jioni moja nikielekea Newala. Ghala lilikuwa limefungwa. Karani nilimkuta njiani, kompyuta ameifunga kwenye kanga, mtoto wake anamulika kwa tochi ya simu. Alikuwa anakwenda shuleni kupandisha orodha. Mkataba hauruhusu huduma ivuke uzio, basi mwalimu amemwekea meza ndani ya uzio, kwenye kibaraza cha ofisi, na mlinzi ana maelekezo ya kumfungulia geti saa yoyote wakati wa malipo. Tulitembea pamoja hadi barabarani. Alipofika kwenye chemba aliiruka kwa hatua moja, kama mtu aliyeizoea.

"Mzee anakuuliza," akaniambia. "Anasema hukumjibu."